Historia ya Mama Marinda, Fundi wa Makava ya Makochi

Ndugu waombolezaji, huyu tuliyekuja kumzika wengi mlimjua kwa jina la Mama Marinda, na maneno haya yametungwa na dada yake mkubwa, aliyeishia darasa la tatu, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupamba asiyatafute humu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, mtoto wa nne na wa mwisho, kadogo kiasi kwamba mkunga alimwambia mama asijisumbue kutafuta jina, lakini akanyonya, akakaa, akapiga kelele kuliko wote waliomtangulia. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, hesabu zilimpiga chenga, ila madaftari yake aliyavalisha majalada ya kitambaa yenye marinda, akachapwa kwa hesabu na kwa marinda pia.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa na fundi makochi mmoja, mzee mwenye mdomo mchafu na mkono safi, akapewa kazi ya marinda, yaani ule utepe wa mikunjo unaozunguka chini ya kava ukaficha miguu ya kochi, na kwa miaka yote ya kazi hakushika pini, alikunja kwa ukucha wa dole gumba, mikunjo ikalingana kama meno ya kitana. Aliyemwambia kwamba hayo ni mapambo tu alijibiwa avue shati basi, maana nalo si mwili.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1980 na seremala wa fremu za makochi, mume akiunda mifupa, mke akiivisha, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili wanaoishi mbali, wenye simu nyingi na safari chache, na binti kitinda mimba aliyebaki nyumbani na mama yake. Mume alifariki tarehe 3 Mei 2009, na tangu hapo kilichosikika zaidi mle ndani ni cherehani.

Kuhusu ugonjwa, tangu msiba uanze mengi yamesemwa, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha, kwamba binti alilala nyumba moja na mama yake asijue kuwa mama haoni, kwa hiyo hapa msikilize vizuri. Mwezi Aprili 2022 marehemu alishona marinda ya mahameli kwa makochi ya watu saba, na mahameli ina upande wa kulala, ukiigeuza inabadilika rangi, naye akaunga vipande vingine vikilala juu, vingine chini, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki mbili halifanyi. Dada yake alimcheka, akamwambia kochi limeota mba, kisha akaona mdogo wake hacheki, anapapasa kitambaa kama anayetafuta mlango gizani. Marehemu alimsihi asiwaambie watoto, wangemtoa kwenye cherehani, na bila cherehani angekuwa anangoja kufa tu. Dada akakubali, na kwa zaidi ya miaka miwili, kila mchana marehemu alipojilaza, dada alikuja, akayafumua marinda yaliyokwenda upande, akayashona upya, binti akirudi kazini jioni anakuta kazi imenyooka, angejuaje?

Tarehe 9 Septemba 2024 marehemu alianguka, akalazwa, daktari akauliza macho yalianza lini kusumbua, na dada, kwa aibu ya kusema kweli mbele ya binti, akajibu miezi miwili. Ulikuwa uvimbe kichwani, na daktari alisema ungewahiwa ungekatwa. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 17 Novemba 2024, saa nne asubuhi, vidole vyake vikikunja shuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakudanganya ila walidanganywa, majirani waliopika na kufua, na mafundi wenzake waliofunga karakana siku tatu. Mwenye neno juu ya binti alilete kwa dada wa marehemu, amekaa mstari wa mbele, kiti cha kwanza, masikio anayo, na la kujitetea hana.

Nawe fundi, pumzika kwa amani, mwanao hana kosa.