Koti la Lujain

Benchi lenyewe si la mtu. Lilitolewa kwenye kliniki ya meno ilipohama mtaa wetu wa Darsait kwenda Khuwair ya Kusini, likaachwa ukutani kwangu, baina ya duka la fundi wa viyoyozi na mlango wa ofisi ninapojaza fomu za serikali na kufasiri vyeti vya watu. Tangu hapo limepata wenyewe. Kila siku saa nne asubuhi Khattab huja na chupa ya kahawa, Hatem huja na tende, na Yaqoob huja na habari. Khattab tunamwita Bwana Holanda, kwa sababu mwaka wa themanini na nane wizara ilimpeleka Uholanzi miezi minne kusomea mabomba ya maji, na mpaka leo hajarudi kikamilifu. Hatem ni Refa. Zamani alipuliza kipenga kwenye mechi za mpira wa magongo za jeshi, na hata sasa akizungumza hunyoosha mkono kuonesha faulo imekwenda upande gani. Yaqoob hana jina la utani. Yeye ni Baba Lujain, na mwaka huu hilo limetosha.

Lujain, binti yake, amemaliza chuo Januari. Cheti chake kinasema uhandisi, lakini mtaani anajulikana kwa gongo. Miaka minne ndiye aliyekuwa mpigaji wa kona za adhabu wa timu ya chuo. Mpira unasukumwa kutoka mstari wa mwisho, yeye anaukokota kwa gongo hatua mbili, anaurusha, na golikipa anausikia kwenye ubao wa goli nyuma yake kabla hajauona. Kwenye mashindano ya vyuo Dubai walikuwapo Waholanzi wawili na daftari. Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka klabu yao: mkataba wa msimu mmoja, mshahara, chumba, baiskeli. Mstari wa mwisho ulisema jibu lifike kabla ya Alkhamisi saa sita mchana kwa saa zao, la sivyo nafasi atapewa mwengine.

Barua niliifasiri mimi, Manal, kwa Kiarabu kwenye karatasi kwa ajili ya babake, na kwa Kiswahili cha mdomo kwa ajili ya benchi. Lujain angeweza kujibu mwenyewe. Ana miaka ishirini na mbili na simu mbili. Lakini aliiweka ile barua mbele ya babake akamwambia hatoandika neno mpaka asikie kauli yake. Adabu hiyo ndiyo iliyotufikisha Alkhamisi.

— Hujawajibu bado? Hatem aliuliza, akimimina.

— Bado, akasema Yaqoob.

— Vizuri.

Hilo "vizuri" lilinitoa mlangoni. Nilidhani wamesahau tarehe. Hawakusahau. Walikuwa wameshaamua, wote watatu, kwamba barua ile ni posa, na posa ina mwendo wake. Watu wakija kuposa nyumba zetu, hunyweshwa kahawa, huambiwa tutatazama, kisha hunyamaziwa. Anayejibu haraka anaonekana alikuwa kasimama mlangoni na binti mkononi. Khattab aliwangojesha wakwe wa mwanawe siku arubaini na bado anaona alifanya pupa. Na wanaoposa nao wanajua kunyamaziwa si kukataliwa. Aliyekataliwa huambiwa mapema, kwa upole, kwamba msichana bado anasoma.

— Mie, nilipomposa Jawaher, babake kaningojesha miezi miwili, Yaqoob alisema. Na nyumba zetu mkabala. Kila asubuhi namwona anamwagia maji mrihani wake, salamu ananipa, jibu hanipi. Wala sikufa.

— Ulikonda, yakhe, Hatem akasema.

— Nilikonda. Sikufa.

Nikamkumbusha kwamba Waholanzi wameandika Alkhamisi, na Alkhamisi ndiyo hii tuliyoikalia. Nilishamwambia hivyo Jumatatu. Jibu lake lilikuwa lilelile: wenye kuposa siku zote wana haraka, bwana harusi siku zote likizo yake inakwisha. Khattab akaniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la watu wazima, kwamba Mholanzi akikutajia saa anakuonesha heshima tu, hana maana ya saa yenyewe.

Nikarudi ndani. Mlango niliuacha wazi.

Walichokuwa wakikibishania hasa, wiki nzima, ni kwa nini Waholanzi wamtake msichana wa Darsait. Hatem aliliona hilo kiufundi. Lujain kajifunzia kwenye uwanja mkavu wenye vumbi, mpira unaruka utakavyo, kwa hiyo mikono yake imezoea mambo yasiyotarajiwa. Kule viwanja vyao wanavimwagia maji kabla ya mchezo, mpira unateleza kama sabuni. Mtu wa huku akipewa uwanja kama ule ni kama kupewa barabara kuu saa kumi alfajiri. Ilikuwa hoja nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi lau angeishia hapo, lakini akaendelea hadi kudai kwamba Waholanzi wanataka kumpima damu, wajue sisi tunakimbiaje kwenye joto la Julai bila ya kuanguka.

Khattab hakukubali kushindwa na refa. Nchi ile, alisema, iko chini ya bahari, na mtu aliyezaliwa chini ya bahari mifupa yake imeota kwa kuelekea juu, ndiyo maana ni warefu. Sasa gongo fupi, mtu mrefu, ainame vipi? Migongo imewaishia. Wameanza kukusanya watu wa kimo cha wastani kutoka kila pembe ya dunia, na Lujain ni wa kimo cha wastani, alhamdulillahi.

— Kwa hiyo wanataka mgongo wake, Hatem akasema.

— Wanataka mgongo wake. Halafu watampa pasipoti yao. Halafu Kombe la Dunia tutakaa hapahapa tumwone anatufunga.

Hapo Yaqoob akaacha kucheka. Finjani lake lilikuwa mkononi tangu kufika. Kwetu kahawa humiminwa mpaka mnywaji mwenyewe alitikise finjani, ishara kwamba imemtosha, asipotikisa, anaongezwa. Yaqoob hakutikisa. Hatem akamwongeza, akanywa. Akamwongeza tena, akanywa. Nilihesabu saba.

— Hatotufunga, akasema mwishowe. Huyo hawezi hata kumshinda bibi yake karata, anamwachia.

Bwana Holanda akamgusa goti, akasema asitie shaka, nyumba yake imeshakubali, mtaa mzima unajua. Na ni kweli tulijua. Jumamosi iliyopita Jawaher, mke wa Yaqoob, alikwenda Ruwi, akaingia duka moja baada ya jengine, akatoka na koti. Koti la kahawia, la kofia, limejazwa manyoya ya bata, linafika nusu ya muundi wa mguu. Hakulitia kwenye mfuko wa dukani. Akalitundika mkononi, akapita nalo Darsait mchana kweupe, kwenye jua ambalo hata mbuzi walikuwa wamelikimbia, akasimama kwa muuza samaki, akasimama kwa fundi cherehani, akasimama na kwangu kunisalimu. Mwanamke hapiti Darsait na koti la theluji mkononi kwa bahati mbaya. Hakusema neno, wala hakuulizwa. Mtaa ukasoma, ukaelewa, ukaanza kuombea safari ya kheri.

Kwa hiyo benchi halikuwa na wasiwasi. Jibu lilikwishatoka, ni namna tu ya kulifikisha kwa heshima, pengine wiki ijayo, baada ya Ijumaa.

Saa sita kasoro akaja msichana mmoja mwenye bahasha, kataka nimfasirie cheti chake cha mwaka wa mwisho, kapata kazi ya maabara. Jina lake Nasriya, wa Qurayyat, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Bibi yake alizaliwa Tabora. Mwenyewe Nasriya alikuwa golikipa wa ile timu ya chuo. Miaka minne mazoezini yeye ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya mipira ya Lujain, na mtu aliyefanya kazi hiyo hazungushi maneno. Alimtambua Yaqoob hapo hapo.

— Shikamoo, ami.

— Marahaba, mwanangu.

— Lujain ameshajibu? Tangu juzi yuko uwanjani peke yake, anapiga mpira ukutani. Namuuliza, hasemi.

Wakamsogezea nafasi. Hakukaa. Basi wakamweleza, kwa zamu, na kwa ukarimu mkubwa, maana mgeni asiyejua ni neema kwenye benchi. Hatem akamweleza kwamba jambo hili ni kama posa. Khattab akamweleza siku arubaini. Yaqoob mwenyewe akamweleza habari ya mrihani. Wakamaliza kwa koti: rangi yake, urefu wake, kofia yake, na jinsi Jawaher alivyopita nalo, ili asibaki na dhana kwamba nyumba ile ina kinyongo. Nasriya alisikiliza mpaka mwisho, bahasha kifuani.

— Nimeelewa, ami. Na hao Waholanzi, nani kawaambia habari ya koti?

Hatem alikuwa keshanyanyua mkono aoneshe upande. Mkono ukabaki hewani, haukwenda kulia wala kushoto. Khattab akaifungua chupa ya kahawa, akachungulia ndani, akaifunga. Fundi wa viyoyozi, ambaye ni mtu wa Kerala na hajui neno la Kiswahili, akazima mashine yake akatutazama, nadhani kwa sababu hajawahi kulisikia benchi lile limenyamaza.

— Wao hawajui, Nasriya akaongeza, si kwa kushambulia. Wao wakinyamaziwa wanajua wamekataliwa.

— Mholanzi ni mtu wa kufahamu, Khattab akaanza.

Yaqoob akaniuliza saa sita mchana ya kule huku ni saa ngapi. Nikamwachia Bwana Holanda kwanza. Akasema saa nane. Akajirudi akasema la, wao wako mbele yetu, kwa hiyo imeshapita tangu asubuhi. Nikaona rangi ya Yaqoob ilivyobadilika, nikaona aibu kuendeleza mchezo. Nikamwambia wako nyuma yetu kwa saa tatu. Kwetu itakuwa saa tisa. Wakati ungalipo.

Nilidhani ataruka. Hakuruka. Akaligeuza finjani kwenye vidole vyake.

— Babangu katoka Unguja na shati alilovaa, akasema, na sijui alikuwa akimwambia nani. Mie nimezaliwa Dubai, hapa nimekuja kutafuta kazi. Nnao ndugu Kairo, nnao Birmingham, wote walikwenda kutafuta. Kwetu sisi ama unafukuzwa, ama unakwenda kutafuta. Hajapata kuondoka mtu kwa kuitwa. Huyu kaitwa, kwa jina lake, na barua. Nimekaa wiki mbili na ile barua, Manal. Sijui mwenye kuita hujibiwa vipi.

Khattab, ambaye kwa kila jambo ana mwaka wa themanini na nane, alitazama viatu vyake.

— Mie nilidhani ni heshima tu, Hatem akasema polepole.

— Na heshima pia, Yaqoob akasema.

Kisha akalitikisa finjani, mara mbili, kulia na kushoto, akampa Hatem. Akatoa simu. Iliita muda mrefu. Nasriya akasema Lujain akiwa uwanjani simu huiacha mkobani, asikate. Yaqoob hakukata. Tulikaa pale watu wanne tukisikiliza mlio wa simu ya mtu mwengine kama tunaosubiri matokeo ya mtihani.

— Lujain. Wajibu.

Nadhani aliuliza kina nani.

— Ndiyo, hao hao. Leo. Hivi sasa.

Akasikiliza. Akasikiliza tena. Akaishusha simu kifuani akaifunika kwa kiganja, akatutazama mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa.

— Anauliza awajibu nini.

Lujain alitaka kulisikia neno lenyewe. Wiki mbili babake alinyamaza, mamake alipita na koti, mtaa ukamwombea safari, na hakuna hata mmoja aliyemwambia nenda. Sasa alikuwa amesimama uwanjani na gongo lake, anangoja neno moja kutoka kwa mtu ambaye maisha yake yote hajajibu posa kwa neno moja. Hatem akageuza uso upande wa barabara. Nilitamani kumsaidia Yaqoob, nami kazi yangu ni maneno ya watu, lakini hili halikuwa la kufasiriwa.

Akairudisha simu sikioni.

— Waambie mamako keshanunua koti.

Sote tulimsikia Lujain akicheka, au pengine hakuwa akicheka; simu ilikuwa mbali na sisi. Akasema kitu kifupi. Yaqoob akajibu "haya, haya," akageuka akautazama ukuta wa ofisi yangu kwa muda mrefu, kana kwamba pana tangazo.

Adhana ya adhuhuri ikaanza msikitini nyuma ya karakana. Wakanyanyuka. Nasriya akanikumbusha cheti chake, nikamwambia aingie. Nilipokaa nikaitazama saa ya ukutani: sita na robo. Kule kwao ilikuwa bado asubuhi.