Mama Magoti na Homa Iliyoshuka

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutembea na viatu vyeupe visivyotoa sauti, Sista mkuu wa wodi ya wagonjwa mahututi anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jarida letu la wafanyakazi lilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Daktari mmoja alisema kazi zimemzidi, mhasibu akasema hajui pa kuanzia, basi kalamu ikamwangukia msukuma machela. Mnaocheka chekeni taratibu. Shule niliiachia njiani, sikatai, lakini hakuna aliyeingia kwa Sista mara nyingi kuliko mimi, na kila nilipoingia na mgonjwa nilitoka na la kusimulia.

Kazini tunamwita Mama Magoti. Kila asubuhi, kabla hajatazama mashine, anaweka kiganja juu ya magoti ya mgonjwa kusikia kama yana joto, moja baada ya jingine. Kisha anabonyeza ukucha na kuangalia damu inarudi kwa mwendo gani. Zilipokuja mashine mpya zenye namba za rangi na kelele za kila aina, alizikaribisha vizuri, akaendelea kushika magoti. Fundi wa umeme aliwahi kusema kwamba yule mama akistaafu atafungua kiwanda cha magoti. Maneno yakamfikia mwenyewe. Fundi alipokuja kubadilisha taa, alishikwa magoti akiwa juu ya ngazi, mbele ya wodi nzima, akatangaziwa kwamba huku chini joto linatosha, baridi iko kichwani.

Sista alianzia wodi ya wazazi, akahamia upasuaji, na wodi ya mahututi ilipofunguliwa ikiwa na vitanda viwili na feni moja inayolia, akakabidhiwa yeye. Leo ni wodi kamili, na nusu ya wauguzi wa hospitali hii wamepitia mikononi mwake. Unyenyekevu hana, na hajawahi kudai kwamba anao. Akifanya jambo zuri anajisifu mwenyewe, anasema akisubiri watu atazeeka.

Kila Alhamisi mchana alikuwa na darasa, na hakubagua. Wafagizi, walinzi, wasukuma machela, wote tuliitwa, kwa sababu alisema anayesukuma mgonjwa lazima ajue anasukuma nini. Hapo ndipo nilipoambiwa habari za vita vinavyopiganwa ndani ya mtu, na nikiri kwamba mpaka leo sijapata hadithi inayoishinda, na hadithi ninazo nyingi.

Kidudu kikipenya kwenye jeraha, alisema, ni sawa na mwizi aliyeruka ukuta. Seli za ulinzi zilizo karibu zinapiga yowe, na yowe lenyewe ni kemikali. Mishipa midogo ya damu inalisikia, inalegea na kufungua upenyo kwenye kuta zake ili askari weupe wa damu wachomoke na kufika penye tukio. Ndiyo maana jeraha linavimba, linawaka na kuuma. Kule ndani kuna umati. Askari hao wanawameza wadudu na wengi wao hufia hapohapo. Usaha tunaoukunjia pua umejaa maiti za vijana waliokufa wakikutetea, kwa hiyo ukiufuta, ufute kwa adabu. Tangu siku ile nikiona jipu napunguza sauti.

Shida inaanza mambo yanapotoka kwenye jeraha na kuenea katika damu. Yowe linapigwa mtaa mzima kwa wakati mmoja. Mishipa inalegea kila mahali, maji ya damu yanavuja, presha inaporomoka, damu inagandia kwenye vijishipa, figo na ubongo vinalala njaa. Umati uliokuja kumkamata mwizi unaanza kuvunja milango ya mwenye nyumba. Hiyo inaitwa sepsisi. Wadudu peke yao hawatoshi kuieleza; mwili wenyewe unapigana bila breki.

Sasa niwaeleze tulivyosahau yote hayo siku tuliyoyahitaji.

Mpishi wetu, yule bwana mnene anayemwita kila mtu shemeji, alijikata kidole na mfuniko wa kopo. Angekuwa mtu wa nje, angeambiwa aende hospitali. Kwa bahati mbaya alikuwa hospitalini tayari. Mfamasia alimpa vidonge vya maumivu akiwa kwenye foleni ya chai. Muuguzi wa chumba cha upasuaji alimfunga bendeji mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Mtu wa maabara alimshauri apumzishe mkono. Mimi nilimshauri maji ya chumvi, na sauti niliyotumia ilikuwa ya profesa. Kila mtu alimtibu akipita. Hakuna aliyemfungulia faili, hakuna aliyempima presha, kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake amefanya hivyo.

Mkono ukavimba hadi kiwiko. Akaanza kutetemeka kwa homa kali, tukamlaza kwenye kochi la chumba cha wafanyakazi, tukamfunika. Mchana homa ikashuka. Kutetemeka kukaisha, akatulia, hata shemeji hakumwita mtu. Tulifurahi wenzenu, mpaka tukaanza kugombania sifa. Mfamasia akasema ni vidonge vyake, mimi nikasimama imara na chumvi yangu. Mkewe, fundi cherehani, alifika akiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Tukamwambia arudi kazini kwake, mzee amelala, mambo shwari.

Hakurudi kazini. Alipanda ngazi hadi wodi ya mahututi, akamkuta Sista, akasema, "Dada, mume wangu anatibiwa na hospitali nzima na sioni anayemtibu. Tangu anioe hajawahi kunyamaza muda wa kumaliza chai. Leo amenyamaza, na watu wanashangilia."

Sista alishuka. Alipiga magoti kando ya kochi, akakunja suruali ya mpishi, akaweka viganja vyake pale anapoviweka siku zote. Magoti yalikuwa ya baridi, ngozi ina mabaka ya zambarau. Akabonyeza ukucha, ukawa mweupe, ukabaki mweupe. Akamuuliza mpishi yuko wapi. Mpishi akajibu kwa heshima kwamba yuko sokoni na vitunguu vimepanda bei.

Mfamasia akasema kwa sauti ndogo, "Lakini homa imeshuka, Sista."

"Haijashuka," alisema. "Moto umeishiwa kuni. Faili lake liko wapi?"

Tuliangaliana. Watu wote wale, wenye vyeti ukutani na wasio na vyeti, hakuna aliyekuwa amelifungua. Sista hakupoteza muda kututukana, aliahirisha. Akaniambia, "Machela," nami nikakimbia kama sijawahi kukimbia, na kwa kawaida nakimbia vizuri.

Kule juu mambo yalikwenda kwa haraka na kwa mpangilio. Damu ilichukuliwa ili wadudu waliomo waoteshwe maabara, antibaiotiki ikaingia papo hapo, dripu mbili kwenye mkono usiovimba, oksijeni puani. Daktari wa upasuaji akapasua kidole, usaha ukatoka. Presha ikakataa kupanda. Ikaongezwa dawa ya kubana mishipa, na hata hapo presha ilipanda kwa kubembelezwa. Mke wa mpishi alikuwa kwenye benchi la nje, anazungusha ule utepe wake kidoleni, anaukunjua, anauzungusha tena. Sista akatoka, akakaa naye.

"Mdogo wangu, sikudanganyi," alimwambia. "Mwili wake umepigana mpaka umejiumiza. Tunaweza kumsaidia kwa maji, dawa na macho yetu. Kutulia, utaamua wenyewe."

"Na usipotulia?"

"Ndiyo maana siondoki."

Hakuondoka. Kesho yake mchana, kwenye mfuko wa mkojo ulioning'inia mtupu kando ya kitanda, yakaonekana matone. Figo zimeamka. Sista akatangaza "Mkojo" kwa sauti ya mshenga aliyekubaliwa posa, na nikaona watu wazima wakipangusa machozi kwa ajili ya mfuko wa mkojo. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni.

Tukadhani yamekwisha. Sista akatukatalia. Mwili uliotoka kwenye vita vya namna ile, alisema, unabaki na askari wachache na waliochoka, na kikohozi cha kawaida kinaweza kumaliza kazi ambayo sepsisi imeshindwa. Sisi tulikuwa tumeshapanga foleni mlangoni, kila mtu na tunda lake na aibu yake. Akafunga mlango. Mkurugenzi wa hospitali alipiga chafya hatua chache kabla ya kufika, akaoneshwa dirisha la kioo kwa kidole, akasimama pale na wafagizi akipunga mkono kama wenzake. Mimi niliambiwa kwamba mdomo wangu peke yake una jeshi, nikae mbali zaidi ya wote.

Kwa hiyo niliyoyaona niliyaona kupitia kioo. Sista alisimama miguuni mwa kitanda, mikono imekunjwa, anautazama mkono wa mpishi. Uvimbe ulikuwa unanywea. Rangi ilikuwa inarudi, taratibu, kutoka kwenye kiwiko kwenda kwenye vidole. Alishatufundisha kinachotokea hapo: kuna seli zinazokuja baada ya vita, zinameza wafu, zinanyamazisha yowe, nyingine zinaziba kuta za mishipa mahali palipopasuliwa. Hazina jemadari. Hazina ofisi wala kikao. Mwanamke aliyeona jambo lile zaidi ya miaka thelathini alikuwa ameachama kidogo, kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza.

Mpishi alipoteza ncha ya kidole kimoja, na kwa miezi kadhaa kupanda ngazi kulimshinda. Lakini yupo. Alipokuja kumshukuru, Sista alimwambia kwamba yeye Sista alifanya nusu ya kazi na nusu uliifanya mwili, ila nusu ya Sista ndiyo ilikuwa nzuri kutazama.

Baada ya hapo ndipo yale matusi aliyoyaahirisha yalipotufikia, yote, kwa zamu, kila mtu na lake. Kisha akaleta utaratibu ambao leo hospitali nyingine wanakuja kuuliza: mfanyakazi akiugua, haruhusiwi kutibiwa koridoni. Ukimwambia mwenzako unaumwa, anakushika mkono mpaka dirisha la kuandikishwa, unafunguliwa faili, unapimwa kama mgeni. Mkurugenzi mwenyewe amepita hapo na mafua yake. Tangu utaratibu huo uanze, wenzetu wawili wamewahiwa mapema. Mmojawapo ni yule fundi wa umeme, ambaye siku hizi hana utani tena kuhusu viwanda.

Sista, kwa niaba ya waliolala kwenye vitanda vyako bila kukuona usoni, na kwa niaba yetu tuliokuona kila siku na hatukukuambia, asante. Umetufundisha kumwogopa mtu aliyetulia ghafla, na kuuheshimu mwili hata unapokosea, kwa sababu unakosea ukimpenda mwenyewe.

Tunakuombea uzee mwororo, usingizi usiokatizwa na kengele, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa. Na ukijisikia vibaya, usikubali ushauri wa jirani anayepita. Dirisha la kuandikishwa unalijua, na machela nitaileta mwenyewe. Ila nakuomba sana, mama yetu, uikalishe bure miaka mingi.