Risala ya Wakaguzi wa Vioo Kuhusu Gari Lenye Mkia na Milimita Moja

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kiwanda chetu. Mkuu wa kitengo. Nanyi wenzetu wa mauzo mliosimama karibu na mlango:

Sisi wakaguzi kumi na mmoja wa vioo vya kompyuta mpakato za michezo tunasema karibu sana. Utuwie radhi kwa giza. Kazi yetu haipendi jua. Ukijikwaa, ni waya tu, si njama.

Tulikotoka

Mwaka jana tulipokea kioo kipya, chembamba, chenye kuonyesha picha mia mbili na arobaini kwa sekunde. Kwenye karatasi hakikuwa na mpinzani. Lakini mwenzetu tunayemwita Mama Jicho alitazama gari la mchezo likipita kasi, akasema, "Hili gari lina mkia."

Fundi mkuu akacheka. "Mama, nenda kapime macho."

Akaenda kweli. Kesho yake akarudi na cheti cha daktari, macho mazima, akakibandika juu ya meza ya fundi.

Tulichofanikisha

Tukaunda reli ya kusogeza kamera sambamba na gari, kama jicho linavyolifuata. Picha ikatoka na mkia wake, ukungu mtupu, namba ya gari haisomeki. Fundi mkuu aliitazama, kisha akasema, "Nisamehe, mama. Wa kupimwa ni mimi."

Wakaketi pamoja miezi minne. Waligundua kwamba taa ya nyuma ya kioo, kwa kuwaka mfululizo, huliacha jicho likiiburuta picha iliyokwishapita. Wakaifanya taa ipepese: izime picha inapobadilika, iwake ikishatulia. Leo namba inasomeka gari likiwa mbio!

Changamoto

Kupepesa hupunguza mwanga, na watatu kati yetu kuliwaumiza kichwa. Hao tumewawekea kitufe cha kuzima kupepesa huko. Kuhusu mwanga, tulihitaji taa zenye nguvu zaidi, nazo zimeongeza unene wa milimita moja. Milimita hiyo wenzetu wa mauzo hawaitaki. Hatuwalaumu, wembamba unauza. Ila tunasikia barua ya kuiondoa iko mezani kwako. Hatukuisoma, kuta za ofisi ni nyembamba kuliko vioo vyetu.

Maombi

Tunaomba feni moja, na viti viwili vyenye migongo.

Tena tunaomba, kabla hujasaini, uketi hapa dakika mbili. Mbele yako pana vioo viwili visivyo na alama, kimoja chenye milimita ile na taa ya kupepesa, kingine bila. Tuambie kwenye kipi umeisoma namba ya gari. Hatutakunong'oneza.

Mama Jicho anastaafu Ijumaa. Alitukataza kulitaja hili, na sasa anatukazia macho. Hakuomba saa wala keki. Amesema angependa kuondoka akijua gari halina mkia.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, macho maangavu, na kalamu isiyo na haraka.

Ni sisi,
Wakaguzi wa Vioo, Zamu ya Asubuhi