Ahmednoor Barre, Fundi Aliyeunganisha Mto na Matangi

Tarehe 31 Desemba 1999, Bwana Ahmednoor Barre, fundi mkuu wa umeme, atastaafu baada ya kuutumikia mradi wetu wa maji hapa Garissa kwa miaka ishirini na sita. Wengi wetu tulimkuta kazini, na hatujui mtambo huu unaonekanaje bila yeye.

Alizaliwa Habaswein katika familia ya wafuga ngamia. Ukame uliomaliza mifugo ya baba yake ndio uliomleta mjini, akaajiriwa kibarua wa kuchimba mitaro ya mabomba. Fundi wa wakati huo alipenda maswali yake, akamtafutia nafasi ya kusomea umeme Nairobi. Aliporudi hakuondoka tena.

Wageni wanamkumbuka kwa habari ya viatu. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia navyo chumba cha mitambo, kwa sababu ya vumbi. Mwaka 1994 wakubwa kutoka Nairobi walikagua mradi wakiwa na soksi, na soksi ya mmoja wao ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Bwana Ahmednoor alitoa maelezo yake yote bila kutazama chini.

Lakini utumishi wake hauwezi kusimuliwa kwa vichekesho peke yake, na mwenyewe aliniomba nisifanye hivyo.

Mtambo wetu ulijengwa kwa misaada miwili. Wafadhili wa kwanza walijenga kituo cha pampu ukingoni mwa Tana, kikiwa na jenereta yake, wakaweka kidhibiti cha kampuni ya kwao, yaani kompyuta ya kiwandani inayowasha na kuzima pampu. Wa pili walijenga machujio na matangi huku juu, zaidi ya kilomita moja kutoka mtoni, wakaweka kidhibiti cha kampuni nyingine. Kila kimoja kilifanya kazi vizuri, ila havikuelewana. Machujio yakiziba, cha huku juu kilijua. Cha mtoni kiliendelea tu kusukuma maji. Kati ya vituo hivyo viwili palikuwa na simu moja. Bwana Ahmednoor aliomba viunganishwe. Aliambiwa asubiri.

Mvua za mwisho wa 1997 hazikusubiri. Tana ilivunja kingo zake, barabara zikakatika, mifugo ikafa kwa makundi. Wafanyakazi wa kituo cha mtoni waliondolewa, pampu zikaachwa zijiendeshe. Asubuhi moja ya Novemba maji yaligeuka tope, machujio yakaziba, na bomba kuu likaanza kutetemeka kwa msukumo wa pampu. Kama lingepasuka, mji ungebaki kunywa maji ya mizoga. Mimi nilikuwa maabara, mlango wa pili, nikiwasikia waliokuwa chumba cha mitambo.

"Simu imekatika, adeer," alisema Awil, mhudumu wa pampu, akimwita mkuu wake ami kwa Kisomali. "Nishuke nizime kwa mkono."

Bwana Ahmednoor, aliyekuwa mkuu wa zamu, aliuliza, "Njia ya ukingoni bado iko?"

"Nimeipita leo asubuhi. Iko."

"Basi nenda. Zima, kisha urudi papo hapo. Usingoje kitu chochote."

Baada ya muda bomba lilitulia, tukajua Awil amefika na amezima. Hakurudi. Ukingo uliporomoka pamoja na njia yenyewe, na hakuna aliyeona. Mwili wake ulipatikana siku kadhaa baadaye, mbali huko mto unakoteremkia, upande wa Bura.

Nilikuwa nimeketi na wanawake msibani Bwana Ahmednoor alipokuja kwa Saynab, mjane wa Awil. Alisimama mlangoni.

"Abaayo, dada yangu, mimi ndiye niliyemtuma."

"Najua," Saynab alisema. "Mvua haijaisha. Kesho utamtuma nani?"

Bwana Ahmednoor aliondoka bila kuketi. Kuanzia siku hiyo alidhoofika, akaacha hata kula nasi mchana. Alizisumbua ofisi zote kuhusu vidhibiti vile. Kampuni zote mbili zilimjibu jambo moja: ng'oa mitambo ya wenzetu, ununue yetu. Hatimaye mradi ulimleta Mhandisi Nimo Salat, binti wa Wajir aliyesomea kompyuta Nairobi. Aliamua kutumia Etherneti, mtandao uleule unaounganisha kompyuta za maofisini. Kwa umbali ule waya wa shaba haukufaa, hivyo zikafukiwa nyuzi za kioo, zinazobeba ujumbe kwa mwanga, kutoka mtoni hadi kwenye matangi.

Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe kuunganishwa si kuelewana.

"Tumewapa simu," Mhandisi Nimo alitueleza, "lakini mmoja anaongea Kisomali na mwenzake Kijerumani."

Ikawekwa katikati kompyuta ya kutafsiri. Siku ya kwanza ilitangaza kwamba maji ya tangi yamepanda juu kuliko mnara wa msikiti, na tukacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mhandisi Nimo ndiye aliyegundua kwamba kampuni moja hutanguliza nusu ya kwanza ya kila namba na nyingine hutanguliza nusu ya pili. Akazipanga, namba zikawa sawa.

Bwana Ahmednoor hakucheka sana. "Na waya ukikatika?" aliuliza.

"Pampu itashika amri ya mwisho."

"Hapana. Jirani anayekusalimia kila asubuhi akinyamaza, unajua kuna shida. Kompyuta hizi nazo zisalimiane. Ya mtoni isiposikia salamu, izime pampu yenyewe."

Ikafanywa hivyo.

Mwezi uliopita mto ulipanda tena. Tope likaziba machujio, na kule mtoni pampu zikazimika bila mtu kugusa chochote. Nilitarajia afurahi. Aliitazama skrini kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ni jambo dogo hivi," akatoka nje.

Jioni alikwenda kwa Saynab, ambaye ndiye aliyenisimulia. Alimwambia mto umejaa na pampu zimezimwa.

"Nani aliteremka?" Saynab aliuliza.

"Hakuna mtu."

Saynab alimvutia kigoda. "Kaa basi, adeer. Miaka miwili unakuja, na kila mara unasimama mlangoni."

Akaketi, akanywa chai.

Bwana Ahmednoor anarudi Habaswein, kwa ndugu zake na ngamia wao. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru kwa maji ambayo mji huu umekunywa kupitia mikono yake, na kwa maisha ya wale ambao hawatatumwa tena mtoni. Mzee wetu, Mungu akupe afya, malisho mema na usingizi mtulivu. Zamu yako imekwisha. Mto tutaulinda sisi.

Roda Abdilatif
Maabara ya Maji