Unga Juu ya Kaburi la Bibi Biasha

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi ya kusoma habari za marehemu Saadi Yunusi, mimi Shaban, mjomba wake, ingawa wengi hapa Ruangwa mnajua kwamba kwa miaka saba sikutaka kuitwa hivyo, basi nivumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1922, ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno, mama yake akiwa Swaumu, binti wa Bibi Biasha, na huyo Biasha, dada wa mama yangu mzazi, ndiye aliyekimbia vita vya Majimaji mwaka 1905, Swaumu akiwa mgongoni, asirudi tena, hata mwaka 1908 wazee wetu wakakata tamaa, wakamchimbia kaburi, wakazika mkeka wake na chungu chake tu.

Alisoma Kurani huko huko, akahitimu mwaka 1935, na Julai 1948 akavuka mto kuja Nachingwea kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga, hadi mwaka 1951, mradi ulipoanguka na watu wa ng'ambo wakaambiwa warudi walikotoka. Tarehe 3 Novemba akafika hapa, akapita katikati ya nyumba zetu bila kuuliza njia, akaketi kando ya kaburi la Biasha, akasema hapa ndipo kwao, anaomba kuandikwa mwenyeji kwa upande wa mama. Jumbe akataka ukoo umtambue kwanza. Mimi nikasema huyu mjanja, kuna mtu kamwonyesha.

Wazee wakarundika unga wa mtama juu ya kaburi, wakauacha hadi asubuhi, wakaukuta vile vile, hata sisimizi hajapita, nayo ndiyo ishara kwamba aliyelala pale amekubali, basi akaandikwa. Nilicheka, Mungu anisamehe, nikawauliza, mkeka unamjua mjukuu, shimo tupu limejibu nini?

Mwaka 1953 alimwoa Mwanamvua wa Ruponda, wakajaliwa Yunusi, mwaka 1954, na Sikuzani, mwaka 1956. Kila Ijumaa alilifagia kaburi lile, akalitolea salamu, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeitikiwa, watoto wakimcheka, nami nikipita njia nyingine.

Machi mwaka huu alishikwa na kifua, akalazwa Nachingwea, akafariki jana, Ijumaa, tarehe 8 Agosti 1958, akiwa ameusia azikwe katika kaburi lile, maana ni tupu.

Leo asubuhi tumelifungua. Mkeka hamna, chungu hamna, yumo mtu, mifupa ya mtu mzima, kalazwa ubavu wa kulia, kaelekea Kibla, na hakuna aliye hai anayejua nani kamzika wala lini. Kama huyu ni Biasha, aliyemlea Swaumu ng'ambo alikuwa nani? Jamani, sijui, na naogopa. Nimesikia pia minong'ono, kwamba marehemu hakuwa wetu, apelekwe kwenye makaburi ya wageni. Haendi. Mimi ndiye niliyesema shimo tupu haliwezi kumkubali mtu, kumbe halikuwa tupu, aliyemo tulimwuliza kwa unga, akakubali, mimi nani nikatae? Tumechimba mwanandani pembeni yake.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa Nachingwea, majirani waliochota maji na kutwanga, na Kornel na wenzake wa kazi ya visiki, waliokuja kwa miguu.

Mpwa wangu, nimechelewa kukuita hivyo, nimeona aibu yangu. Umefika kwenu. Lala, wewe na huyo aliyekupokea, pumzikeni kwa amani nyote wawili.