Bi Kwanini, Aliyeifuata Namba Hadi Kwao

Shangazi yetu, tuliyezoea kumwita Bi Kwanini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Jina hilo alilipata kabla hajaota meno ya ukubwani. Baba yake alikuwa akisema, "Huyu ukimpa jibu, umemfungulia duka la maswali."

Alimaliza sekondari mwaka 1980, akasomea takwimu chuo kikuu, na Januari 1988 akaajiriwa na kiwanda cha mikate kuwa mchambuzi.

Mwaka 1990 aliolewa na fundi wa redio. Mawifi walipomuuliza alimpendea nini, alijibu, "Ushahidi umetosha." Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2003 mikate isiyouzwa ilikuwa ikirudi kiwandani kwa wingi. Chati aliyoichora marehemu ilionyesha kuwa yote inarudishwa na dereva mmoja, wa njia ya mbali kuliko zote. Wenzake walionekana hawarudishi hata kipande, wakawa wanasifiwa. Barua ya kumfukuza dereva yule ikaandaliwa, naye ana mke mjamzito. Marehemu akaitazama upya chati yake, akaenda kwa meneja.

"Bosi, subiri kidogo. Huyu anarudisha mikate mingi kuliko gari lake linavyobeba. Linazaa njiani?"

"Namba hazidanganyi, Bi Kwanini."

"Hazidanganyi, ila hufunzwa uongo. Niache nikaone zinakozaliwa."

Jioni hiyo alisimama getini magari yakirudi. Makreti yalirundikwa pamoja, na karani hakugusa kompyuta mpaka gari la mwisho lilipoingia.

"Mwanangu, mbona huandiki?"

"Mama, nikiandika gari moja moja foleni itafika barabarani. Nasubiri wafike wote, naingiza kwa mkupuo."

"Kwa jina la nani?"

"La aliyefika mwisho. Si ndiye aliyesimama mbele yangu?"

Wa njia ya mbali ndiye aliyefika mwisho kila siku. Marehemu alicheka hadi akashika ukuta. Asubuhi alimwambia meneja kwamba kosa lilianza kwake, kwa kuchora kitu asichokwenda kukitazama. Barua ikachanwa. Tangu hapo kila mchambuzi mgeni pale kiwandani huanzia kazi getini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Hata wodini aliwauliza wauguzi vipimo vyake vinaandikwa saa ngapi, na nani, na kwa nini si mapema. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu wanne, kaka mmoja, nasi wapwa zake tusioweza kupokea jibu bila kuligeuza chini juu. Gari lililomleta hapa leo limeendeshwa na dereva yule, ambaye sasa ni mstaafu. Tulipomwambia yuko dereva wa kukodi, alisema, "Huyu nampeleka mimi," akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

Bi Kwanini, pumzika sasa kwa amani.