Sauti ya Zisis Iliyokawia Njiani

Sogeeni karibu, Vaios, na wewe Lambrini, mmoja akae upande wa moyo na mwingine upande wa sikio linalosikia bado, na mlango muuache wazi kidogo, maana nikifungiwa naona kama nimeshalazwa kule. Sikilizeni, wanangu. Daktari amenitajia siku zangu, nami nimemwambia siku ni za Mungu, yeye ana vidonge tu. Kwa hiyo nitasema sasa, mchana kweupe, akili zangu zingalipo, na asinikatize mtu. Atakayelia alie kimya kimya.

Nyumba hii ni ya Lambrini, kwa kuwa ndiye aliyenibadilishia shuka miaka miwili bila kukunja uso. Shamba la mizabibu na kile chumba cha mjini ni vya Vaios. Kondoo mgawane, na yule jike mwenye pembe iliyovunjika asichinjwe, mwacheni afe kwa uzee wake kama mimi. Mnangoja nitaje uwanja wa kilimani, ule wa kupuria ngano, uliposimama mlingoti wa redio. Naona, Vaios, jinsi unavyoniinamia. Huo nitaufikia. Kwanza mjue baba yenu alikufaje, kwa sababu mlikuwa mbali, mmoja Ujerumani na mwingine Patra, mkasimuliwa vipande vipande, na kipande si nguo.

Baba yenu Zisis aliianza redio ya hapa kijijini Mavrolithi shule ilipofungwa kwa kukosa watoto. Aliomba chumba kimoja, akaweka kipaza sauti, akawa anatangaza daktari atapanda lini, maziwa yananunuliwa kwa nani, nani mgonjwa, nani ametutoka. Kisha yeye na majirani wa mabonde saba wakapanda juu ya mapaa wakafunga antena, paa hadi paa, wakavuta intaneti wenyewe, kwa kuwa hakuna kampuni iliyotaka kupanda huku kwa ajili ya vikongwe na kondoo. Usione vyaelea, vimeundwa. Na neno lake lilikuwa moja: "Mwenye njia achukue ushuru wake, lakini asifungue mizigo ya nyumbu wangu, akasema jibini ipite na kitabu kingoje."

Halafu kampuni ikaja, baada ya sisi kuonyesha kwamba njia inapitika. Jina lake silitaji, ulimi wangu una kazi nyingine leo. Walimtuma bwana mmoja wa viatu vya kung'aa, akakaa mkahawani, akagawa simu na visanduku vya intaneti bure. Mpira bure, tamthilia bure, nyimbo zao bure, na vyote vinakimbia kama maji ya mfereji. Vingine vyote, alisema, vitapita kadiri nafasi itakavyopatikana.

"Na redio yetu?" baba yenu akamuuliza.

"Itapita, mzee."

"Lini?"

Mkahawa mzima ukacheka. Na aliyecheka kuliko wote ni baba yenu mdogo, Fotis. Akasema, "Kaka, hata kifo utakikataa kwa vile kinakuja bure?"

"Mtego haukosi chambo, Fotis," Zisis akamjibu, akanywa pombe yake ya tsipuro, akaondoka.

Fotis ndiye aliyewapa kampuni paa lake, na ndiye aliyetembeza karatasi nyumba kwa nyumba watu watie sahihi. Antena zetu zikashushwa moja moja, nyingine zikatumiwa kujengea mabanda ya kuku. Na majira ya baridi yaleyale wakaja watu wa serikali, wakafunga mitambo ya redio kwa lakiri nyekundu; masafa yetu, walisema, yamepigwa mnada, na aliyenunua ana leseni. Zisis akabakiwa na intaneti peke yake, na intaneti haikuwa na pa kupita ila mlangoni pa kampuni.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yalipoanza, matangazo yakifika siku imeshapita. Bibi Stamata alikuwa akinikuta kisimani ananiambia, "Asimina, leo daktari anapanda," na daktari alipanda jana. Watu wa bonde la nne walifika kanisani na nguo nyeusi kwa maziko yaliyokwisha kufanyika. Redioni mtu aliomba msaada wa kutafuta mbuzi wake kwa sauti ya huzuni kabisa, na mbuzi yuko pale anatafuna. Tulicheka mwanzoni. Kisha tukaacha kucheka. Tulikuwa tunaishi kijiji kimoja katika siku mbili tofauti, na hakuna aliyejua jirani yake yuko katika siku ipi.

Ilikuwa Jumapili ya Septemba, baada ya chakula, mvua ya siku ya tatu. Nilikuwa na Zisis chumba cha redio. Alitazama dirishani. Mto ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa, umebeba miti mizima na mizizi yake, na haukuwa na sauti. Hilo ndilo sitalisahau, wanangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Akakaa kwenye kipaza sauti, akaita nyumba za mtaa wa chini, kumi na moja, moja moja kwa jina, na kila nyumba akaitumia ujumbe wake wa sauti kwenye simu. Tukarudi dirishani. Hakuna mlango uliofunguliwa. Tukangoja. Kisha mtaa wote wa chini ukapiga kelele kwa pamoja, kelele ya furaha, nyumba zote kumi na moja kwa nukta moja. Kulikuwa na bao.

"Mpira wanausikia," Zisis akasema. "Mimi hawanisikii."

Akachukua koti. Nikamshika mkono. Akaniambia, "Niache, Asimina. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Aliwatoa watu wa nyumba kumi kwa mikono yake. Alimbeba Bibi Stamata mgongoni hadi ngazi za kanisa, akamtua, akahesabu watu, akaona Fotis hayupo. Akarudi. Fotis amekiri mwenyewe kwamba alikuwa kitini, miguu majini, bado anasubiri kipenga cha mwisho. Kaka yake alimsukuma nje kwa dirisha la nyuma, juu ya ukuta wa mizabibu. Kisha nyumba ikaondoka na Zisis ndani yake. Haikuvunjika. Iliondoka tu, taa zikiwaka.

Sasa sikilizeni hili. Tulikuwa tumekaa ngazini, watu kama arobaini, tumelowa. Simu ikalia ndani ya aproni ya Bibi Stamata, na sauti ya baba yenu ikatoka, safi, bila haraka: "Bibi Stamata, ni Zisis. Toka nyumbani, mto unakuja. Usihangaike na paka, nakuja kukuchukua."

Bibi kizee akaiinua simu mdomoni. "Nimeshatoka, mwanangu," akasema. "Wewe uko wapi?"

Alikuwa ameshakaa majini saa nzima.

Ikalia nyingine. Kisha nyingine. Siku tatu, wanangu, alikuwa akiwaita watoke katika nyumba ambazo hazipo tena. Wengine walizima simu, wengine walizifukia katika pipa la unga. Na tulipokuwa tunamteremsha kaburini, mwili wake umepatikana chini mtoni, padri Lukas akiwa na chetezo mkononi, mfuko wa Fotis ukasema, "Fotis, mdogo wangu, toka. Tutagombana kesho."

Padri akashusha chetezo. Fotis akapiga magoti kwenye tope. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia mbele ya watu wote, "Kesho ndiyo hii. Gombana naye." Tangu siku ile, miaka kumi na sita, sijampa neno jingine, hata la Pasaka.

Mimi hakuniachia ujumbe, angekuwa na sababu gani, nilikuwa kando yake. Lakini siku ya arobaini nilikuwa nagawa koliva, ile ngano ya wafu, mikono yangu imejaa sukari, simu ikalia. Ni yeye. "Asimina, njoo dirishani." Basi. Nyuma ya sauti maji yanapita. Fundi wa kampuni aliapa kwamba ujumbe ukipita siku tatu hufutika, na huo hakuuona ulikotoka. Sijui. Sitawadanganya na mguu mmoja kaburini. Nilikwenda dirishani. Sikuona mtu. Niliona mapaa, na kila paa lina sahani ya kampuni, zote zimeelekeza nyuso upande mmoja kama watu waliosimama kwenye maziko. Nikanawa mikono, nikaenda kwa Bibi Stamata, nikamwambia, "Lete simu yako."

Tulizikusanya kumi na moja katika kapu la mkate. Wanawake wa mabonde saba tulipanda basi hadi Athene, tukakaa nje ya ofisi ya serikali inayosimamia mawasiliano kila Alhamisi, miezi mitatu, na mikate yetu ya pita yenye mboga na vifaa vyetu vya kufuma. Mlinzi alituita kwaya. "Mabibi, nyimbo leo hamna?" Stamata akamwambia, "Iko moja, mwanangu, lakini hutalala." Siku tulipoitwa ndani, mawakili wa kampuni walisema maneno kama vile foleni ya ujumbe haina mwenyewe, hujipanga tu kama mawingu. Sikubishana. Nilizipanga simu mezani nikazibonyeza zote. Zisis kumi na mmoja wakaanza kuita kwa pamoja.

Mama aliyekiongoza kikao akauliza polepole, "Huyu ni nani?"

"Mume wangu. Ameshazikwa. Saa ya kutumwa na saa ya kufika zimeandikwa hapo, soma mwenyewe."

Akasoma zote, akavua miwani. Waliamua kwamba kampuni isimpange mtu nyuma kwa sababu ya anachosema au anasema na nani. Na lakiri ikabanduliwa, tukapewa leseni ndogo ya kuombwa upya kila mwaka. Hatukuishinda dunia, wanangu. Tulishinda mabonde saba. Antena zikatolewa kwenye mabanda ya kuku.

Nafika uwanjani. Najua, Vaios, kwamba wale watu wa kampuni walikutafuta wakati wa kuchanua kwa milozi, wakautaka uwanja wa mlingoti kwa bei nzuri, na najua hukusema hapana. Sikulaumu, una watoto wa kusomesha. Lakini sikukungoja. Nilikwenda kwa mthibitishaji wa hati, nimeuandika uwanja kwa chama cha mabonde saba, milele, si wa kuuzwa wala kukodishwa. Nimewanyima kilicho chenu, nyote wawili, na nawaomba radhi. Usigeuze uso. Nikasirikie hapa hapa, ningali na macho. Haya. Asante. Hasira hiyo naijua, ni ya baba yako.

Lambrini, mto... inua kidogo. Pumzi imekuwa fupi.

Leseni iombwe kila Januari, msisahau. Mkinitangaza kwenye redio, jina tu na saa ya maziko. Jeneza, mbele, ashike Fotis. Ndiyo, Fotis. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua jembe nikachimba shimo, nikamtia humo miaka kumi na sita, na yeye ni mtu aliyeokolewa, si mtu aliyeua. Mwambieni... mwambieni nimesema aje anywe kahawa.

Vaios, hiyo simu gotini, inayameza maneno yangu? Zima, mwanangu. Futa. Sitaki kuwaita watu nikiwa sipo.

Mungu awape mkate wa kutosha na jirani wa kumpa. Awape... watoto wanaojibu wakiitwa. Macho yenu yasione maji yasiyo na sauti. Nimewaridhia, mbele na nyuma, nyumbani na ugenini. Lambrini, si maji. Mkono. Mkono wako.

Vaios, nenda kamwite baba yako mdogo. Usimpigie. Nenda... kwa miguu.